Ushahidi Bila Ushuhuda

Ukiulizwa ulikula nini jana usiku, unaweza kujibu, na unaweza pia kudanganya. Ukiulizwa mlo wako ulikuwaje mwezi kama huu mwaka juzi, huenda hata ukitaka kusema kweli usiweze. Lakini kama hujanyoa tangu wakati huo, nywele zako zinaweza. Unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita hujengwa kwa chakula cha mwezi ule. Ukiukata vipande vidogovidogo kuanzia kichwani kwenda nchani, ni kama unasoma shajara ya mtu kutoka ukurasa wa mwisho kurudi nyuma.

Namna inavyosomwa ni hii. Kaboni iliyomo miilini mwetu ina aina mbili zisizobadilika kwa kupita kwa wakati. Karibu atomu 99 katika kila 100 ni kaboni 12. Iliyobaki ni kaboni 13, ambayo ina nyutroni moja zaidi, na kwa hiyo ni nzito kidogo. Hizi ndizo isotopi: ndugu wa elementi moja wenye uzito tofauti. Mimea haizichukui kwa kiwango kimoja. Mahindi, mtama, uwele na miwa huishia na kaboni 13 nyingi kuliko mpunga, ngano, migomba, mihogo, viazi na maharage, kwa sababu makundi haya mawili hutumia njia tofauti za usanisinuru. Tofauti hiyo haipotei chakula kikisagwa wala kikipikwa. Hupita mdomoni, ikaingia kwenye damu, ikakaa kwenye mfupa, jino na unywele. Mtu aliyelelewa Dodoma kwa ugali wa uwele na mwenzake aliyelelewa Bukoba kwa ndizi wanaweza kutenganishwa na mashine ambayo haijawaona sura wala kusikia lafudhi zao.

Naitrojeni nayo ina hadithi yake. Ile nzito, naitrojeni 15, huongezeka kila unapopanda ngazi ya mlo: swala anayo zaidi ya majani anayoyala, na simba anayo zaidi ya swala. Kwa kipimo hicho unaweza kukisia ni nani aliyekuwa akipata nyama au samaki na ni nani aliyekuwa akiisikia harufu tu. Mtoto anayenyonya naye huonekana yuko ngazi moja juu ya mama yake. Kwa lugha ya isotopi, mtoto mchanga ni mla nyama, na nyama yenyewe ni mama. Ndivyo watafiti wanavyoweza kukadiria watoto wa zamani waliachishwa ziwa wakiwa na umri gani.

Kuna pia oksijeni, inayobeba alama ya maji tuliyokunywa, na strontiamu, inayotoka kwenye miamba, ikapita kwenye udongo na mimea hadi kwenye jino. Gamba la jino hujengwa utotoni na halijengwi tena. Mfupa hujijenga upya polepole, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kubeba kumbukumbu tatu: jino likasema alikokulia, mfupa ukasema alivyoishi ukubwani, unywele ukasema miezi yake ya mwisho.

Nakiri napenda elimu hii, na najua kwa nini. Historia niliyofundishwa shuleni ilikuwa ya walioweza kuandika au kuandikiwa. Wafalme walikuwa na majina, wake zao mara chache, na wapishi wao hawakuwa nayo kabisa. Isotopi hazijali cheo. Mfupa wa mpagazi husomeka sawasawa na mfupa wa sultani, na pengine ukawa na mengi zaidi ya kusema.

Zaidi ya hayo, elimu hiihii husoma vitu ambavyo havikuwahi kuwa hai. Mwaka 2000, timu iliyoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilitoboa barafu ya kilele cha Kilimanjaro na kushuka na nguzo sita za barafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Barafu ya chini kabisa ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi, na oksijeni iliyomo katika matabaka yake ilitumika kusoma mabadiliko ya hali ya hewa ya ukanda wetu tangu wakati huo. Kwenye tabaka la miaka 4,000 hivi iliyopita walikuta vumbi jingi, dalili ya ukame mkali. Ukame wa nyakati hizo umehusishwa pia na kusambaratika kwa ufalme wa kale wa Misri, ule wa waliojenga piramidi za Giza. Mlima ambao watoto wa Moshi huuona wakienda shule ulikuwa umehifadhi kumbukumbu ya njaa ambayo hakuna bibi wala babu aliyebaki kuisimulia.

Hakuna aliyeiuliza barafu ruhusa, na sioni kwa nini ingeulizwa. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Barafu, mbegu, mfupa na unywele hupimwa kwa mashine za namna moja. Kila kitu hugeuzwa kuwa gesi, kisha atomu zake hupangwa kwa uzito. Mashine haijui kilichoingia kilikuwa theluji au msuko wa nywele za msichana. Kama kuna tofauti, ni sisi wa kuiona.

Msichana ninayemsema yupo kweli. Mwezi Machi 1999, wanaakiolojia Johan Reinhard na Constanza Ceruti walipanda na wenzao hadi kilele cha Llullaillaco, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 6,739 kwenye mpaka wa Argentina na Chile. Karibu na kilele walifukua miili ya watoto watatu wa enzi ya dola ya Wainka, waliokufa yapata miaka 500 iliyopita. Baridi ya huko ilikuwa imewahifadhi kiasi kwamba walionekana kama wamesinzia. Mmoja ni mvulana mdogo na mwingine ni mtoto wa kike, wote wawili wakiwa na umri wa miaka michache tu. Wa tatu ni msichana wa miaka 13 hivi, ameketi na kukunja miguu, kichwa kimeinama mbele, nywele zake ndefu zimesukwa misuko mingi myembamba. Huko Argentina wanamwita La Doncella. Mimi nitamwita binti, kwa sababu umri huo kwetu ni wa binti.

Watoto hao walikuwa sadaka. Wainka waliiita capacocha: watoto wazuri, wasio na dosari, walichaguliwa majimboni, wakapelekwa Cuzco, mji mkuu, wakafanyiwa sherehe, kisha wakasafirishwa hadi kwenye vilele vitakatifu na kuachwa huko wafe, au kuuawa. Tunalijua hili kwa sehemu kubwa kupitia waandishi wa Kihispania waliokuja baada ya dola kuanguka, watu ambao walikuwa na sababu zao za kuiandika dini ya waliowashinda kwa namna waliyoiandika. Miongoni mwa waliyoyaandika ni kwamba kuchaguliwa kulihesabiwa kuwa heshima kubwa, na kwamba wazazi walitakiwa wasionyeshe huzuni.

Kisha nywele zikapelekwa maabara. Andrew Wilson wa Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2007, na mengine mwaka 2013. Nywele za binti zilikuwa na urefu wa kutosha kusimulia zaidi ya miaka miwili ya mwisho. Katika sehemu ya zamani zaidi, ile ya nchani, mlo wake unaonekana kuwa wa mtu wa kawaida wa milimani: vyakula vya kundi la viazi, na protini ya wanyama kidogo. Halafu, mwaka mmoja hivi kabla ya kufa, mambo yakabadilika ghafla. Kaboni 13 ikapanda, naitrojeni 15 ikapanda. Alianza kula mahindi, ambayo kwa Wainka yalikuwa chakula cha heshima, na nyama. Katika miezi mitatu au minne ya mwisho, alama zikabadilika tena kwa namna ambayo watafiti waliitafsiri kuwa safari imeanza.

Vipimo vingine vya kemikali, ambavyo si vya isotopi, vilionyesha kwamba katika mwaka huohuo alianza kutafuna majani ya koka kwa wingi, na kwamba katika wiki zake za mwisho alikunywa pombe kuliko wakati mwingine wowote. Alikutwa na bonge la koka bado limebanwa kati ya meno.

Kwa hiyo tunajua tarehe. Hatujui jina lake wala lugha aliyobembelezewa. Lakini tunajua, kwa kukosea labda wiki chache, ni lini watu wakubwa waliamua kwamba atakufa.

Nimejaribu kuusoma mwaka ule kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya waliompeleka. Mtoto wa mkulima anainuliwa na kuketishwa penye chakula cha wakubwa. Anavishwa vizuri, anatazamwa na watu wote. Anaambiwa hatakufa, atakuwa miongoni mwa walinzi wa watu wake. Huenda aliamini. Huenda alijivuna. Watu wa kila zama wamekufa kwa ajili ya mambo waliyoyaamini, na kudhani kwamba yeye hakuweza kuamini kwa sababu alikuwa mtoto au Muinka ni dharau ya aina yake.

Njia ya pili ni ile inayokuja yenyewe kwa mtu yeyote aliyewahi kufuga. Mnyama wa sikukuu hulishwa vizuri. Mwenye mbuzi akianza kumpa mbuzi mmoja majani mazuri kuliko wenzake, watoto wa nyumba ile huanza kumhurumia. Na pombe ya wiki za mwisho, je? Ilikuwa ibada, ambamo pombe ya mahindi ilikuwa na nafasi yake, au ilikuwa dawa ya kumtuliza mtoto aliyeanza kuelewa? Mvulana mdogo alikutwa amefungwa kwa kamba. Sijui utamwekaje mtoto aliyefungwa ndani ya simulizi la heshima.

Isotopi haziwezi kuamua kati ya njia hizi mbili. Mahindi ya heshima na mahindi ya kunenepesha yana kaboni ileile.

Lugha yetu ina maneno mawili hapa ambayo mara nyingi tunayachanganya, kwa sababu yametoka kwenye shina moja: ushahidi na ushuhuda. Ushahidi unaweza kutolewa na kitu. Damu kwenye kisu ni ushahidi, alama ya tairi barabarani ni ushahidi. Ushuhuda unatolewa na mtu, na anautoa akijua anautoa. Anayetoa ushuhuda anaweza kunyamaza, anaweza kukataa, anaweza kuchagua aanzie wapi. Ushahidi unachukuliwa, ushuhuda unatolewa. Binti wa Llullaillaco ametupa ushahidi mwingi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Ushuhuda hajatupa hata neno moja.

Na ushahidi wenyewe hakuutoa. Tumeuchukua.

Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akimaliza kutunyoa anaokota nywele zote sakafuni, anazifunga kwenye karatasi na kwenda kuzifukia nyuma ya nyumba. Siku moja nilimuuliza, "Mama, kwani takataka hizi zina nini?" Akasema, "Mwanangu, nywele ni wewe. Usimwachie mtu asiyekutakia mema akaokota kitu chako." Baadaye, nilipokwisha kusoma sayansi ya sekondari, niliiweka imani hiyo kwenye fungu la mambo ya kale. Sasa najua kwamba kuhusu nywele zenyewe alisema jambo ambalo maabara inalithibitisha: zina mimi ndani yake. Ajabu ni kwamba kule mlimani, pamoja na miili ya wale watoto, kulikutwa vifuko vidogo vyenye nywele zao wenyewe zilizokatwa. Waliowaweka pale nao waliona kwamba nywele za mtu hazitupwi ovyo. Sehemu ya vipimo vya mwaka 2007 ilifanywa kwa nywele za vifuko hivyo.

Tulikuwa na haki?

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi maabara huniambia ninajisumbua bure. "Wewe bwana, marehemu hana hasara. Hasikii aibu, haumwi, hapotezi kitu. Unamwonea huruma nani?" Hoja hiyo ni ya zamani na ni nzito. Epicurus, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliijenga zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: tukiwepo, kifo hakipo; kikija, sisi hatupo, kwa hiyo hakuna wa kudhurika. Lakini kabla yake Aristotle alikuwa ameshajiuliza kama yanayowapata watoto wa marehemu au sifa yake hayamgusi hata kidogo, na hakuona kwamba jibu la hapana ni rahisi. Sisi nasi, tunaoosha maiti kwa maji ya vuguvugu na kumfunika sitara mtu asiyeweza kuona aibu, hatuishi kama wafuasi wa Epicurus. Tunaishi kama watu wanaoamini kwamba marehemu bado ana stahili yake kwetu. Atakayesema hiyo ni desturi tu, na amzike mama yake bila sitara, kisha aje tuzungumze.

Kwa upande mwingine, ukimya nao si mweupe. Tukimwacha binti bila kumsoma, maneno yanayobaki juu yake ni ya aina mbili: ya dola iliyomchagua na ya washindi walioiandika dola hiyo. Nywele zake ndizo kitu pekee katika habari yake yote ambacho hakikupita kwenye mkono wa mwenye mamlaka. Hakuna kuhani aliyeweza kuziamuru zinyamaze. Wazazi, kama ni kweli waliyoyaandika Wahispania, walikatazwa kuonyesha huzuni. Nywele hazikukatazwa kitu. Sentimita za nchani zinasema: kabla ya haya yote nilikuwa mtoto wa watu, nikila viazi kama watoto wengine. Bila maabara, mtoto yule wa viazi angekuwa amefutwa kabisa, na ingebaki sadaka peke yake.

Hivyo siwezi kusema tusisome. Ninachoweza kuuliza ni nani anauliza swali, na jibu linapelekwa kwa nani.

Mwaka 1991, wajenzi wa jengo la serikali huko Manhattan, New York, walifukua makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, waliozikwa hapo katika karne ya 17 na ya 18. Mifupa ya watu 419 ilitolewa. Wamarekani weusi wa mji ule walisimama na kudai sauti. Hawakusema msiwaguse kabisa. Walisema hawa ni wetu, na maswali yatakuwa yetu. Utafiti ukahamishiwa Chuo Kikuu cha Howard, chini ya Michael Blakey, na jamii ikashirikishwa katika kuamua nini kitafutwe: walitoka wapi, waliishi vipi, walipingaje hali yao. Kemikali za meno zilisaidia kuwatenganisha waliozaliwa Afrika na waliozaliwa New York, ambao meno yao yalikuwa na madini ya risasi mengi zaidi, sumu ya mji waliozaliwa ndani yake. Mwaka 2003 wote walizikwa tena palepale, kwa heshima. Walisomwa, kisha wakarudishwa.

Linganisha na mambo yaliyo karibu nasi zaidi. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani, mafuvu ya watu wa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikusanywa na kupelekwa Berlin, mengi yakiwa ya kutoka Rwanda, mengine Tanzania. Zaidi ya 1,100 yalibaki kwenye masanduku kwa zaidi ya karne nzima. Yalipelekwa kama vitu vya sayansi, na sayansi ya wakati ule ilikuwa na jibu lake tayari: ilitaka kupanga watu kwa daraja. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya wafu hao na jamaa zao walio hai Tanzania, watu wa Kilimanjaro. Fuvu lileile, maabara ileile kwa namna fulani. Mara ya kwanza lilipimwa ili kumwondolea mtu utu wake, mara ya pili ili kumrudisha kwao. Pua ya mpimaji haikubadilika. Swali ndilo lililobadilika, na watu waliokuwa wakilisubiri jibu.

Kwa kipimo hicho, nauona usomaji wa nywele za binti kuwa wa haki zaidi kuliko jambo jingine analofanyiwa. Wale watoto watatu wako katika jumba la makumbusho la mji wa Salta, kwenye vyumba vya kioo vyenye baridi kali, na wageni huoneshwa mmoja kwa zamu. Tangu mwaka 2007 umma umeweza kuwatazama. Wapo wenyeji wa asili wa Andes wanaolipinga jambo hili. Watetezi husema kuwaona kunafundisha heshima kwa ustaarabu uliowahi kuwapo. Mimi nasema hivi: nywele zilipopimwa, tulikuwa tunauliza alifanyiwa nini. Anapowekwa kwenye kioo, hatuulizi kitu. Tunatazama tu. Na kutazamwa na umati, akiwa amepambwa, bila uwezo wa kugeuza uso, ndicho hasa alichofanyiwa katika mwaka wake wa mwisho.

Kuna msemo wetu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Isotopi zinaweza kukitaja kitanda: kilikuwa cha mti gani, kililaliwa miezi mingapi. Kunguni hazitaji. Mtafiti mwenye adabu hukomea hapo, akaandika alichopima na kuacha tupu mahali pa ushuhuda, badala ya kupajaza kwa maneno aliyoyatunga yeye. Pahali palipoachwa wazi pana heshima yake. Panasema: hapa alikuwapo mtu ambaye angeweza kusema, na hakuulizwa.

Na tusidhani kwamba sisi ndio wasomaji tu. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe, kisha mafuta na gesi, tumekuwa tukijaza angani kaboni ya mimea iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kaboni yenye uhaba wa ile nzito. Uwiano wa kaboni 13 katika hewa umeshuka kwa takriban sehemu mbili katika elfu. Mimea inavuta hewa hiyo, tunaila mimea. Watafiti wanaolinganisha nywele za leo na za kale hulazimika kuondoa tofauti hiyo kwenye hesabu kwanza, la sivyo hesabu haisomeki sawasawa. Maana yake ni kwamba kila mtu aliye hai leo anabeba alama ya moshi. Mtoto wa kijijini Singida ambaye baba yake hajawahi kumiliki hata pikipiki anayo nywelewni kwake, sawa na mtoto wa mwenye kiwanda. Hakuchoma kitu. Hakuulizwa.

Atakapokuja mtu baada ya miaka 500 na kutusoma, barafu ya Kilimanjaro pengine haitakuwepo tena, lakini atakuta meno na mifupa yetu. Ataona ni lini alama ilianza kubadilika, kwa usahihi kama ule wa mwaka wa mwisho wa binti. Ataona kwamba watu wakubwa waliamua jambo, na watoto wakalila. Kitu ambacho hataweza kukipata kwenye mashine ni kama tulijua, na kama tulijua, tulisema nini. Ushahidi tumeshautoa, tupende tusipende. Ushuhuda bado uko mikononi mwetu.